Mtu wenu haongei kwa mdomo? Mwongozo wa bodi ya picha, simu na subira, kwa watu wa Lamu

Huu mwongozo ni wa mama, baba, shangazi, ami, jirani, ustadhi wa madrasa, mwenye duka, yani yeyote anayeishi na mtu ambaye maneno hayamtoki au yanamtoka kidogo sana. Anaweza kuwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy), mwenye usonji (autism), mwenye Down syndrome, au mzee aliyepatwa na kiharusi akapooza upande na ulimi ukawa mzito. Wataalamu wanaziita njia hizi AAC, kwa Kiswahili utasikia mawasiliano mbadala, na ndani yake mna kila kitu: ishara za mikono, macho, picha, karatasi ya herufi, simu inayosoma maandishi, mpaka ile mashine ya kumsemea aliyokuwa nayo Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza aliyepooza mwili. Mimi nitakaa zaidi kwenye bodi ya karatasi, yani karatasi yenye viboksi vya picha na maneno ambavyo mtu anavigusa badala ya kusema, kwa sababu ndiyo kila mtu hapa Amu, yani Lamu, anaweza kuipata wiki hii hii bila kungoja mfadhili.

Na niseme mapema ninavyoona mimi, shida mara nyingi haiko kwenye bodi. Bodi zipo, watu wamepewa na hospitali au shirika fulani, zimetundikwa ukutani zinashika vumbi kwa sababu nyumba nzima imekaa inamngoja mtoto aitumie na hakuna mkubwa hata mmoja anayeigusa. Sasa mtoto akipewa lugha ambayo kwao hakuna anayeizungumza, ataizungumza na nani?

Kuna hofu moja lazima niitoe kabla hatujaanza, maana bibi zetu wataileta tu: "mkimzoesha mapicha hatosema tena." Si kweli. Mwaka 2006 watafiti walikusanya tafiti zilizofanywa tangu zamani kuhusu jambo hili hili, na katika watu 27 waliofuatiliwa kwa utaratibu mzuri hakuna hata mmoja aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya picha, ishara au mashine, asilimia 89 usemi wao uliongezeka na waliobaki walikaa pale pale. Nyongeza ilikuwa ndogo kwa wengi, sio kwamba waliamka wakawa mahatibu, lakini ilikuwepo. Na wale wanaosema ni jini, mimi sibishani nao, dua isomwe na bodi itumike, hakuna kinachomzuia mwenzake.

Hatua ya 1: mtizame kwanza, karatasi baadaye

Usikimbilie kuchapisha. Kaa naye siku kadhaa uandike kwenye daftari anachofanya tayari. Anakutizama wewe halafu anatizama birika, anavuta leso yako, anageuza uso ukileta uji, anatoa sauti moja akifurahi na nyingine tumbo likimuuma. Hayo ni maneno yake, usiyafute ati kwa sababu sasa kuna bodi. Andika "akifanya hivi, maana yake hivi" ubandike jikoni, ili siku wewe uko Mokowe halafu yeye kaachwa na halati wake, dada yake mama, halati asibahatishe.

Halafu tafuteni NDIYO na SIYO iliyo wazi. Si lazima atikise kichwa, watoto wengi wenye mtindio wa ubongo kichwa hakiwatii. Inaweza kuwa kutizama juu ni ndiyo na kufumba macho ni siyo, au kuinua mkono wa kulia, au kutoa ulimi, chochote ambacho mwili wake unaweza kukifanya bila taabu na watu wote wakakikubali. Ijaribu kwa maswali ambayo majibu yake unayajua. Ukiona inatoka sawa sawa mara nyingi, waambie nyumba nzima, na isibadilishwe na mtu kwa sababu kaona ya kwake ni nzuri zaidi.

Masikio na macho yapimwe. Mtoto asiyesikia anataka lugha ya ishara ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake, bodi peke yake itamdhulumu. Na mtoto asiyeona vizuri ukimletea picha ndogo ndogo utasema hana akili kumbe haoni. Serikali ina vituo vya kupima watoto vinavyoitwa EARC, vilianza Kenya 1984, ulizia ofisi ya elimu ya kaunti watakuelekeza.

Hatua ya 2: maneno, na hapa ndipo panapoharibika

Bodi nyingi utakazoziona zina maji, chai, choo, dawa, kulala. Hayo ni maneno ya mgonjwa wodini. Hebu keti barazani saa kumi na moja jioni usikilize watu wanaongea nini. Wanasalimiana, wanataniana, wanalalamikia bei ya samaki, wanauliza fulani kenda wapi na kenda na nani, wanakataa, wanaapa, wanacheka. Mtu anayeweza kuomba maji tu, mazungumzo ya mji yote yanampita juu ya kichwa, amekaa pale kama gunia lililoshushwa jeti, pale boti zinapofunga, likasahauliwa.

Kwa iyo anza na maneno yanayofanya kazi kila pahali: nataka, sitaki, tena, basi, ngoja, twende, hii, ile, wapi, nani, nisaidie, mimi, wewe, nzuri, mbaya. Neno "tena" linafaa kwenye mahamri, kwenye pembea, kwenye hadithi ya bibi, kwenye kupanda punda. Neno "mahamri" linafaa kwenye mahamri tu, na akishiba halina kazi mpaka kesho.

Baada ya hayo ndio uweke ya kwake na ya kwenu. Salamu ziwepo, jamani, mtu akipita akasema asalaam aleikum na mtoto akagusa "waleikum salaam", utaona jinsi yule mtu anavyosimama na kumtizama upya. Watu uwawekee picha zao za kweli, ami kwa uso wake, ustadhi kwa uso wake, sio katuni ya mzungu mwenye tai. Pahali anapokwenda: madrasa, jeti, Shela kwa shangazi, hospitali, nyumba ya pili. Vyakula anavyovipenda na viwili anavyovichukia, maana kuchukia nako ni mazungumzo.

Utani usisahaulike. "Muongo wewe", "wacha mchezo", "nimekukamata". Kijana wa miaka kumi na tatu ambaye bodi yake haina hata neno moja la kuchokozana na wenzake, hiyo bodi imetengenezewa wazazi wake.

Viboksi viwili ambavyo wengi hawaviweki na mimi naona ndivyo vinavyookoa siku: "sio hayo niliyokusudia" na "neno langu halipo hapa". Bila hivyo mtu anabaki kugusa kilicho karibu kidogo na anachotaka, nyinyi mnamletea hicho, anakasirika, mnasema ana hasira.

Na hapa tuvue haya kidogo. Weka sehemu za mwili zote, na zile za siri kwa majina yake, pamoja na "mtu kanigusa", "sikupenda", "naogopa", "mwambie mama". Watu wabaya wanamchagua asiyeweza kusema kwa sababu wanajua hatosema. Ukiona uzito iweke ukurasa wa nyuma, lakini iwepo, na umfundishe mchana kweupe kama unavyomfundisha goti na kiwiko.

Kiswahili kiwe cha nyumbani kwenu. Kama kwenu mnasema ndoo, mai, ndaa, andika hivo hivo, skuli watamletea njoo na maji na njaa kwa wakati wake.

Hatua ya 3: kuitengeneza

Karatasi ya A4, viboksi 12 mpaka 20 kwa kuanzia kama kidole chake kinalenga vizuri. Kama mkono unatetemeka weka vinne au sita vikubwa kwa ukurasa, halafu uongeze kurasa. Ila tafadhali, ukubwa wa kiboksi unaamuliwa na mkono na jicho, usimpunguzie maneno kwa kudhania akili yake. Hakuna mtoto aliyezaliwa akaongelewa maneno sita tu mpaka athibitishe anastahiki la saba.

Andika neno juu ya picha, sio chini, ili kidole kisilifunike na anayetizama asome. Ukishaweka SITAKI kona ya juu kulia, ibaki hapo milele hata ukitengeneza bodi mpya, mkono unakariri pahali kama vile unavyoijua swichi ya taa gizani. Ukipenda rangi, watu ziwe njano, vitendo kijani, huo ni utaratibu wa kawaida kwenye bodi nyingi, lakini ukikosa wino wa rangi usikwame hapo.

Picha za bure zipo kwenye ARASAAC, ni mradi wa serikali ya jimbo la Aragon huko Uhispania, zina maelfu ya picha na unaruhusiwa kutumia mradi huzifanyii biashara. Nyingine piga mwenyewe kwa simu. Hutapata huko picha ya mkate wa mofa.

Peleka duka la fotokopi wachapishe watie lamineshen. Kama wana plastiki isiyong'aa chukua hiyo, kwa sababu inayong'aa ikipigwa na jua la saa saba pale ufukoni huoni kitu. Waambie waache ukingo mpana pembeni wasikate mpaka kwenye karatasi, hewa yetu ya chumvi na jasho la mkono vikipata upenyo bodi inavimba. Tengeneza nakala kadhaa: ya jikoni, ya mkobani, ya madrasa, ya nyumba ya bibi. Bodi ikiwa moja tu itakuwa imesahauliwa kila pahali inapohitajika. Kamba usimvishe mtoto shingoni, funga kwenye kiti au kiunoni.

Hatua ya 4: ongea wewe, kwa bodi, kabla yake

Kama una nguvu ya kufanya hatua moja tu kwenye mwongozo wote huu, fanya hii.

Unaongea kama kawaida yako, na ukifika kwenye neno lililopo kwenye bodi unaligusa. Basi. Humuulizi kitu, humpimi, humwambii "nioneshe maji yako wapi". Niandike kwa herufi kubwa yale yanayoguswa, mfano chai ya asubuhi:

"Mbaazi ni MOTO, mwanangu, NGOJA kidogo." Anasukuma sahani. "SITAKI. Ah, umeniambia sitaki, haya." Anatizama mlangoni. "NANI yule? Ni AMI. Ami kaja na samaki." Ami naye akiingia anagusa: "MIMI NIMECHOKA."

Umeona, mtoto hajagusa chochote na mazungumzo yameenda. Mtoto anayesema kwa mdomo anasikia watu karibu mwaka mzima kabla ya kutoa neno lake la kwanza na hakuna anayemkasirikia. Wa bodi naye mpe muda wake, na muda wake unaweza kuwa mrefu kuliko huo kwa sababu wanaoongea kwa bodi mbele yake ni wachache. Kila mkubwa akiigusa mara chache wakati wa chakula, mara chache wakati wa kuoga, mara chache wakati wa kulala, inajumlika yenyewe.

Akianza kugusa neno moja, wewe mjibu kwa mawili. Kagusa TWENDE, wewe gusa TWENDE, JETI? Kagusa TENA, wewe TENA, MUZIKI. Unamsogeza hatua moja tu mbele yake.

Mambo matatu mimi siyapendi na nitayasema. La kwanza, kumnyima kitu mpaka aguse bodi. Mtoto amekuonesha kwa macho kwamba anataka maji, wewe umeelewa kabisa, halafu unamshikilia kikombe juu "gusa kwanza". Mpe maji, na unapompa gusa MAI wewe. La pili, kumshika mkono ukaupeleka kwenye picha. Hiyo ni sauti yake, hakuna anayekushika wewe taya akulazimishe kutamka. La tatu, kumwambia aguse "tafadhali" na "asante" kila saa kama kwamba adabu ndio lugha yenyewe, wakati watoto wenzake wa mdomo wanapiga kelele "nipe!" tangu asubuhi.

Hatua ya 5: nyamaza

Sisi watu wa pwani tunaongea haraka na tunaingiliana, ndio raha ya baraza. Kwa mtu wa bodi hiyo ni mauti. Ukishamuuliza kitu, hesabu moja moja mpaka kumi, moyoni, mdomo umefungwa, uso unamtizama yeye sio simu. Kwa mwenye mwili mzito hesabu zaidi. Kumi ni ndefu kuliko unavyodhani, jaribu sasa hivi.

Akigusa, soma kwa sauti alichogusa ili ajue umeona: "SHANGAZI... WAPI... unauliza shangazi yuko wapi?" na umpe nafasi ya kusema siyo. Usimmalizie sentensi mpaka akukubalie kwamba umalizie, wengine wanapenda kumaliziwa kwa sababu inaharakisha, wengine inawaudhi, muulize yeye. Na kama hukuelewa sema sikuelewa. Ile "eee, eee, sawa" ya kutikisa kichwa ilhali hujaelewa anaiona, haoni haya kukuona wewe muongo.

Hatua ya 6: kama hawezi kunyoosha kidole

Hapa watu wengi hukata tamaa na kumbe hapa ndipo pana ufundi. Kuna njia mbili za bei rahisi.

Ya kwanza wewe unakuwa kidole chake. Bodi imegawanywa mistari. Unauliza "ni mstari wa kwanza?" unangoja, "wa pili?" unangoja, akitoa ile ndiyo yake ya hatua ya 1 unaingia kwenye mstari huo, "nataka? sitaki? tena?" mpaka anasimamisha. Fuata mpangilio ule ule kila siku, sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, usiliimbe lile neno unalotaka wewe achague. Herufi nazo zinakwenda hivo hivo. Stephen Hawking alipopoteza sauti yake 1985 baada ya kufanyiwa upasuaji wa koo, kabla ya kompyuta, alikuwa anainua nyusi mtu akigusa herufi sahihi kwenye kadi. Mashine ilikuja baadaye, na miaka ya mwisho aliiendesha kwa msuli mmoja wa shavu.

Ya pili ni ya macho. Chukua plastiki ngumu inayoonesha upande wa pili, hata kifuniko kikubwa cha kontena safi, bandika picha nne kwenye kona nne, toboa tundu kubwa katikati. Keti mbele yake muelekeane, mtizamane kwenye tundu, halafu umwambie atizame anachotaka. Macho yake utayaona yanakwenda kona gani. Kaa uso wako ukielekea mwanga, usikae na dirisha mgongoni mwako atakuona kivuli tu.

Kisha onyo. Kuna njia inatembea mitandaoni ambapo msaidizi anamshikilia mtu mkono au kiwiko "ili aandike" na ghafla yanatoka maneno makubwa makubwa. Ilipimwa miaka ya 90, msaidizi na mwenye mkono wakaoneshwa vitu tofauti, na kilichoandikwa kikawa ni kile alichokiona msaidizi. Usiingie huko hata wakikuletea video ya kuliza.

Hatua ya 7: simu na tableti, kama ipo

Tableti nzuri ikitumika vibaya inashindwa na karatasi, kwa hiyo nimeichelewesha kusudi. Programu za bure zipo, Cboard na AsTeRICS Grid ni mbili unazoweza kuanza nazo bila pesa, unajaza viboksi vyako mwenyewe na unaweza kurekodi sauti. Rekodi ndio raha yake kwetu, kwa sababu sauti ya simu ya kusoma Kiswahili inaongea kama mtangazaji wa habari wa bara. Tafuta mtu wa umri wake na jinsia yake amrekodie. Kijana mwenye ndevu zinazoanza anatoa sauti ya mama yake kila akigusa, wenzake watamcheka na haki yao. Muombe binamu.

Yaliyobaki ni ya kawaida tu. Funga simu kwenye programu ile moja isitoke, Android na iPhone zote zina mpangilio wa kufanya hivyo. Usiitumie kwa katuni kama unaweza, ikishakuwa ya katuni si sauti yake tena. Kwenye boti itie kwenye mfuko usioingiza maji. Power bank iwe na chaji maana stima zetu mnazijua, na karatasi iwe mkobani siku zote hata kama tableti ni ya laki. Na usimnyang'anye kwa adhabu! Kakosea, muadhibu kama unavyowaadhibu ndugu zake, ulimi wao huukati.

Hatua ya 8: mtoe nje

Vichochoro vya Amu vina faida moja kubwa, watu ni wale wale kila siku. Huhitaji kufundisha mji mzima, unahitaji watu wachache: mwenye duka, muuza viazi vya karai, ustadhi, nahodha wa boti mnayopanda, na kundi la watoto wa mtaa. Watoto ndio wepesi, wape bodi dakika chache watakurudishia imejaa mate na wameshaizoea.

Mwenye duka mwambie mambo mawili tu: amsemeshe yeye asimsemeshe anayemsindikiza, na amngoje. Weka kadi ndogo mbele ya mkoba, "Ninaelewa unachosema. Ninajibu kwa kugusa picha. Ningoje kidogo." Mara ya kwanza nenda dukani saa ambayo hakuna foleni, si saa ya kununua futari.

Madrasa mkae na ustadhi kabla. Mtoto anaweza kuwa na "bismillahi", "amin", "sijafahamu", "nataka kusoma mimi sasa". Aya aliyoisikia anaweza kuwa nayo kichwani yote, aoneshe inayofuata kwa kuchagua kati ya mbili. Wakati wa Maulidi kelele ni nyingi na tableti haisikiki, chukua karatasi, na ongeza kiboksi cha "kelele nyingi, tutoke".

Hospitali bodi isibaki nyumbani hata kama mmetoka mbio. Ongeza ukurasa wa maumivu: picha ya mwili mbele na nyuma, inachoma, inavuta, inapiga, tangu lini, kidogo au sana. Akilazwa, bodi itundikwe kitandani na karatasi ya ndiyo na siyo yake, kwa sababu manesi wanabadilishana zamu na wewe utakuwa umeenda kuswali.

Kwa mzee aliyepatwa na kiharusi

Huyu ni tofauti kidogo, nimtenge. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, kwa watu wengi, kinagusa lugha yenyewe, hiyo ndiyo afasia. Akili yake ipo, anamjua kila mtu, anakumbuka deni lako, lakini neno halimjii au linamjia jengine. Na kwa sababu ni lugha iliyogongwa, hata kuandika na kusoma kunaweza kuwa kumemponyoka, kwa hiyo ukimpa karatasi ya herufi akashindwa usimshangae. Yule ambaye ni misuli ya mdomo tu imelegea, herufi zitamfaa sana. Na wazee wetu wengine walizoea kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za skuli, mchoree hizo, utashangaa.

Kwa mwenye afasia ongea taratibu, sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, zima redio. Andika neno kubwa kwenye karatasi huku unaongea, mpe machaguo mawili matatu ya kugusa, tumia kalenda, ramani, albamu ya picha za harusi za watoto, picha ya jahazi alilokuwa akisafiria. Usishangae akishindwa kukuambia anataka chai na bado akaisoma Fatiha yote au kasida mpaka mwisho, yale yaliyokaririwa na ya kuimbwa mara nyingi hubaki pale ambapo mazungumzo yamepotea. Watu huona hivo wakasema anajifanya. Hajifanyi.

Na heshima yake ibaki. Ni yule yule bwana mliyekuwa mkimbusu mkono, msimfanyie sauti ya kitoto, msimjadili mbele yake kama hayupo, na mambo ya nyumba muulizeni kwa ndiyo na siyo kabla hamjauza kiwanja.

Karatasi za serikali

Kuomba bodi au tableti skulini au msaada hospitalini si kuomba hisani. Katiba ya 2010 kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, Breli au njia nyingine inayomfaa ya mawasiliano, na mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao Kenya iliuridhia 2008 unazitaja njia hizi mbadala waziwazi. Msajili kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ndipo maombi ya vifaa yanapopitia. EARC nimeshaitaja. Wataalamu wa usemi huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, ukimpata hata wa kuongea naye kwa video mpelekee lile daftari la hatua ya 1, litamwambia mengi kuliko maelezo yako ya nusu saa.

Ofisini nenda naye mwenyewe, na bodi yake. Afisa akikutizama wewe akauliza "anaitwa nani huyu?", msogezee mtoto bodi, uhesabu kumi.